Mazoea ya mbio hayazaliwi kwa siku 21

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nimjibu mwandishi wa safu ya afya, ambaye wiki mbili zilizopita alituandikia sisi watu wa makamo kuhusu kukimbia kila siku. Nimeisoma makala ile mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana mimi ni mhasibu na tarakimu isiyonikaa sawa huwa siwezi kuipita. Mengi aliyosema ni kweli na namshukuru. Lakini mawili, yakiachwa hivyo hivyo, yatawaumiza watu, na mimi yalikwisha kuniumiza. La kwanza ni kwamba ukifanya jambo siku 21 mfululizo limekuwa mazoea. La pili ni kwamba ukikosa siku moja tu, umerudi mwanzo na uhesabu upya.

Nina miaka 51. Nilianza kukimbia nikiwa na 43, na chanzo ni lifti. Iligoma. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne, nikapanda ngazi nikiwa na jalada moja tu kwapani, na juu nikamkuta mteja ananisubiri mlangoni. Akanisalimu. Sikuweza kuitikia! Nilimwinulia kiganja kama askari wa barabarani, nikajitupa kwenye kiti cha wageni mpaka pumzi iliporudi. Yule bwana alinizidi umri, si haba, na alikuwa amepanda ngazi zile zile dakika chache kabla yangu. Alikuwa amesimama zake anasoma tangazo ukutani.

Kesho yake nilivaa raba za binti yangu, kwa kuwa miguu yetu inalingana, nikatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa hiyo niliichagua kwa aibu, nisionekane. Nilikimbia nguzo mbili za umeme. Ya tatu niliifikia kwa kutembea, mkono kiunoni, kichomi kimenibana ubavu wa kulia. Nguzo mbili, Mhariri, halafu nikarudi nyumbani nikalala kwenye kochi na raba mguuni.

Sasa hizo siku 21. Aliyezipa umaarufu ni daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya wanayoiona kwenye kioo. Aliandika angalau, na anayezungumziwa hapo ni mtu anayeizoea pua yake, hatakiwi kuamka alfajiri wala kutoka jasho. Neno "angalau" likadondoka njiani, pua ikageuka mbio, na leo tunaambiwa wiki tatu zinatosha.

Waliokaa chini wakapima walipata jibu jingine. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo dogo la kufanya kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mtu wa katikati alikadiriwa kuhitaji siku 66 mpaka jambo lile lianze kujiendesha lenyewe. Mwepesi kuliko wote alihitaji siku 18, na wa mwisho makadirio yake yalifika siku 254. Waliochagua mazoezi walielekea kuchelewa kuliko waliochagua glasi ya maji, jambo ambalo sikuhitaji utafiti kuliamini. Lakini katika utafiti ule mna jambo ambalo laiti mtu angeniambia mwaka ule wa kwanza: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Aliyekosa aliendelea kesho yake kutoka pale alipokuwa.

Kwangu mazoea yalikuja mwezi wa sita tangu nianze. Nayajua yalivyokuja, kwa sababu asubuhi moja nilijikuta nimekaa kwenye kizingiti nafunga kamba za viatu na sikumbuki nimetokaje kitandani. Macho yalikuwa bado yana tongo. Mguu wa kushoto ulikwisha fungwa. Nilicheka peke yangu gizani.

Mwezi wa sita ndio pia uliotangulia balaa. Siku ya kwanza kabisa nilitundika kalenda jikoni, kando ya jokofu, na kila nikirudi naweka alama kwa kalamu nyekundu. Mwanzo kalenda ile ilinisaidia, sitaisingizia. Wiki za baridi ilinitoa kitandani. Ila kidogo kidogo ikawa bwana na mimi mtumwa. Kuna usiku nilirudi kutoka safari saa nne na nusu, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, nikavaa raba nikawa naizunguka nyumba ili alama isikosekane. Mume wangu alitoka na tochi na ufagio akidhani ni mwizi. Kumweleza mtu mwenye ufagio mkononi kwamba unafukuzia alama nyekundu si kazi rahisi.

Siku ya 211 kisigino cha kulia kiliniuma. Si chini ya unyayo, bali nyuma, pale kano nene inapotoka kwenye shavu la mguu kushuka kisiginoni. Hatua za kwanza kutoka kitandani nilikuwa natembea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikikimbia dakika tano maumivu yanapoa, na mtego wenyewe ndio huo: kano ikipata joto hunyamaza, mtu anadhani amepona, kumbe anaichimba. Jioni nikiwa nimekaa niliibana kano kwa kidole gumba na cha shahada nikasikia kitu kama fundo la uzi. Nikilibonyeza, machozi. Basi nikaacha kulibonyeza. Hayo ndiyo yalikuwa matibabu yangu kwa mwezi mzima.

Kwa nini sikupumzika? Kwa sababu ya zile siku 211. Nilikuwa nimesoma, mahali kama hapo kwenye safu yenu, kwamba ukikosa moja unarudi sifuri. Siku 211 kwa mtu aliyeanza na nguzo mbili za umeme ni mali. Nani anachoma mali yake kwa sababu ya kisigino? Nikaendelea mpaka siku ya 243, siku niliyoshindwa kushuka ngazi za ofisini isipokuwa kwa kukaa na kujisogeza ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza. Lifti siku hiyo ilikuwa nzima, ila nilishindwa hata kuifikia. Ilikuwa upande wa pili wa korido, na ngazi zilikuwa karibu.

Nilikaa wiki 14 bila kukimbia.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenipokea alikuwa kijana wa umri wa wanangu. Nilimweleza habari ya kalenda kwa fahari kidogo, nikitarajia pole au hata pongezi. Alikuwa ameshika mguu wangu, anaukunja na kuukunjua. Hakuinua hata kichwa. "Mama," akasema, "kalenda haina kisigino."

Halafu akanieleza jambo ambalo ningependa mwandishi wenu aliweke kwenye makala yake ijayo. Mtu akianza mazoezi, moyo na mapafu hujifunza upesi, ndani ya wiki chache. Misuli hufuata. Kano huja mwisho kabisa, maana damu inayozifikia ni kidogo na kujijenga kwake ni kwa taratibu mno. Na kwa mtu aliyevuka arobaini zimeanza pia kukakamaa. Ndiyo sababu hatari haiko wiki ya kwanza, wiki ambayo mtu anaogopa na kujihurumia. Iko pale pumzi ikishakuja. Unajiona mpya, unaongeza nguzo, unaongeza kasi, moyo unakuambia twende, na kano bado iko darasa la kwanza. Kila hatua ya kukimbia hutua ardhini kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako, na anayebeba deni hilo ni huyo huyo wa darasa la kwanza.

Dawa aliyonipa haikuwa kidonge wala sindano. Nasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo. Najiinua kwa miguu yote miwili, nahamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha nakishusha kisigino taratibu mpaka kipite chini ya ukingo. Mara 15, mizunguko mitatu, goti limenyooka. Halafu mizunguko mitatu mingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Mpango huu ulipata jina kupitia daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, ambaye yeye na wenzake mwaka 1998 walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wa kawaida wenye umri wa wastani wa miaka 44, watu wa rika letu hasa. Mhasibu hawezi kujizuia: ni mara 180 kwa siku, mara 15,120 kwa wiki zote 12. Wiki ya kwanza inauma, na nilikuwa nimeonywa kwamba itauma. Wiki ya sita fundo la uzi lilikuwa limelainika.

Katika wiki hizo 12 nilikosa siku nne, mbili kwa homa na mbili kwa safari. Kano haikuuliza. Ilipona vile vile.

Nilipoanza tena sikutundika kalenda. Nilijiwekea sharti moja, na ndilo lililonifikisha mwaka huu wa nane: kila siku navaa viatu na kutoka mlangoni kwa dakika kumi. Basi. Baada ya dakika kumi mwili wenyewe unasema. Siku nyingi, tuseme nne au tano katika wiki, unasema tuendelee, nakimbia dakika 30 au 40. Siku nyingine unasema hapana, na ninatembea, nafika nguzo ya tisa, narudi. Kuna siku dakika kumi zikiisha nageuza papo hapo kama mtu aliyesahau ufunguo. Najua wako watakaosema huo si ukimbiaji wa kila siku, ni udanganyifu. Wana haki ya kusema. Mimi nasema kinachohitaji kuwa cha kila siku ni mlango. Kilomita zitajipanga zenyewe. Binti yangu, ambaye hakimbii hata akinyeshewa, ananiambia sharti hili ni la kivivu. Labda.

Waliokimbia kila siku kwelikweli wapo, na sitaki kuwavunjia heshima. Ron Hill wa Uingereza, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1970, alikimbia angalau maili moja kila siku ya Mungu kuanzia Desemba 1964 hadi Januari 2017. Miaka 52 na siku 39. Hapo tunazungumzia mtu aliyewahi kumaliza marathoni kwa saa 2:09:28, na mwili wa namna hiyo haugawiwi kwa kila mtu. Lakini tazama alivyomaliza. Akiwa na miaka 78, moyo ulianza kumuuma katikati ya maili. Akaikamilisha kwa zaidi ya dakika 16, na kesho yake hakutoka. Miaka 52 nyuma yake, na alijua mahali pa kusimama. Mimi nilikuwa na siku 211 na sikujua.

Anayenivutia zaidi ni Ed Whitlock, Mkanada aliyezaliwa Uingereza. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni kwa saa 2:54:48, muda ambao vijana wengi wanaonipita alfajiri hawataugusa maishani. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka eneo la makaburi karibu na nyumbani kwake, kwa mwendo wa pole, saa nzima nzima, duara baada ya duara. Goti lilipomkatalia alikaa nje kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye makaburi yake. Hakuna aliyemwambia umerudi sifuri.

Mwendo wa pole nao unahitaji kusemwa, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kuliko mahali pengine popote. Mtu wa makamo akiamua kukimbia anakimbia kama alivyokimbia akiwa na miaka 17, kwa sababu hiyo ndiyo kumbukumbu ya mwisho aliyonayo ya kukimbia. Stephen Seiler, mwanasayansi Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu na michezo ya aina hiyo, akakuta takriban vipindi vinane katika kila kumi ni vya pole. Wakubwa wenyewe! Sisi wa kukimbilia afya tunakimbia kila siku kwa kasi ile ile ya kati, si pole wala si kali, tunarudi hoi, halafu tunashangaa kwa nini Alhamisi hatuamki.

Kipimo changu cha upole si saa. Nilinunua saa ya kupima mapigo ya moyo, nikaiwekea ile kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, 220 toa umri. Kwangu ni 169. Asubuhi moja kwenye mlima mdogo ikaniandikia 176 na kuanza kupiga kelele, nikakaa chini kando ya barabara nikisubiri kufa. Daktari wangu alinisikiliza, akanipima kwenye mashine huku nikikimbia, akacheka kwa adabu. Kanuni ile ni ya wastani, watu hutofautiana nayo kwa mapigo kumi au zaidi juu na chini. Iko nyingine iliyotolewa mwaka 2001, 208 toa 0.7 mara umri, ambayo kwangu inatoa 172, nayo pia ni wastani. Nikaivua saa. Sasa natumia jedwali la kuzidisha la 13, kwa sauti. Kumi na tatu, ishirini na sita, thelathini na tisa. Nikifika 117 bila kumeza pumzi katikati ya namba, mwendo ni sahihi. Nikikwama kwenye 78, napunguza. Walinzi wa mtaani wamenizoea. Mwanzoni walidhani nasali.

Hata hivyo moyo si wa kufanyiwa mzaha, na hapa nakubaliana na mwandishi wenu neno kwa neno. Jim Fixx, Mmarekani aliyewashawishi watu wengi wa miaka ya 1970 kukimbia, alifariki mwaka 1984 akiwa mazoezini, akiwa na miaka 52. Mishipa ya moyo wake ilikutwa imeziba vibaya. Baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35 na kufariki akiwa na 43. Mbio zilimsaidia, huenda ndizo zilizompa miaka tisa zaidi ya baba yake, lakini hazikuifuta damu aliyozaliwa nayo. Mwaka ujao nitafika miaka ile ya Fixx. Nimepima presha, sukari na lehemu, na nimewauliza ndugu zangu wakubwa nani katika familia alikufa kwa nini. Swali la mwisho lilikuwa gumu kuliko mbio zote nilizowahi kukimbia, na majibu yalichukua Jumapili tatu. Anayeanza baada ya arobaini, hasa kama anavuta sigara au ana presha, apite kwa daktari kwanza. Na anayebanwa na kifua, au kusikia kizunguzungu akiwa anakimbia, asimame. Asisubiri dakika kumi zangu.

Makala ilitusahau wanawake kabisa, sijui kwa nini. Nikiwa na miaka 48 usingizi ulianza kunitoroka. Naamka saa nane usiku shuka limelowa, najipepea kwa gazeti (samahani Mhariri, ni hili hili), nalala tena saa kumi, na saa kumi na moja na nusu ndiyo saa yangu ya kutoka. Hedhi ikiwa inaelekea kukoma, homoni iliyokuwa inalinda mifupa inapungua, na mifupa hupungua kwa kasi zaidi miaka hiyo kuliko kabla. Mtikisiko wa kukimbia ni mojawapo ya vitu vinavyoiambia mifupa ijishikilie. Lakini mbio peke yake hazitoshi. Misuli nayo hupungua kila muongo baada ya miaka 30, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nabeba uzito: madumu mawili ya maji, kuchuchumaa na kusimama, kujisukuma ukutani. Nayachukia. Nimeyachukia kwa miaka mitano na bado nayafanya, Jumanne na Ijumaa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema hivyo hivyo, siku mbili au zaidi za kujenga misuli, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali. Tazama hizo namba vizuri. Anayetoka kwa dakika 30, siku tano, mwendo wa kuweza kuhesabu jedwali, ameshafika 150. Hakuna mahali palipoandikwa siku saba kwa saba.

Baada ya usiku wa namna hiyo ndipo dakika kumi zinaponiokoa. Ningekuwa na kalenda ningechagua kati ya mawili, kukimbia nikiwa nasinzia au kujiona nimeshindwa. Sasa natoka, natembea, hewa ya alfajiri inanipiga usoni, narudi. Wakati mwingine nguzo ya nne inaniamsha nakimbia. Mara nyingi hainiamshi.

Nisipitwe na hili: sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri ni muhimu kama viatu, na viatu vyenyewe hubadilishwa baada ya kilomita 500 hadi 800, hata kama kwa juu vinang'aa. Vyangu naandika tarehe ya kuanza kuvitumia upande wa ndani wa ulimi wa kiatu, kwa kalamu ile ile nyekundu. Kalamu ilibaki.

Kuhusu msomaji aliyeandika toleo lililofuata kwamba mbio tuwaachie vijana kwa kuwa zinasaga magoti: magoti yangu yapo. Tafiti zinazolinganisha watu wanaokimbia kwa kujifurahisha na wasiokimbia hazikuti kwamba wakimbiaji wanaumwa magoti zaidi. Kukaa siku nzima na kuongezeka uzito ndiko kunakoyaonea. Kijana mmoja hunipita karibu na nguzo ya kumi na mbili na kuniambia, "Shikamoo bibi, pole pole." Namwitikia marahaba bila kukata jedwali. Mwaka jana alikuwa ananiambia hivyo kila siku. Mwaka huu namwona mara moja moja, na mara ya mwisho alikuwa anachechemea, mguu wa kulia. Nilimwelekeza kwa yule mtaalamu. Sijui kama alienda.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mwandishi wa safu ya afya aandike marekebisho mafupi: siku 21 aziondoe, na ile sentensi ya kurudi mwanzo aifute kabisa. Wapo wasomaji wenu ambao leo wako siku ya 40 au ya 200, wana kisigino kinachowasemesha kila wakishuka kitandani, na wanakinyamazisha kwa sababu ya sentensi ile.

Kwa upande wangu, jana sikukimbia. Nililala vibaya, nikafika nguzo ya tisa kwa miguu nikarudi. Leo nimekimbia dakika 35 na nimekwama mara moja, kwenye 91.

Wenu msomaji,
Mama Mbio